Baka la upande mmoja, mabaka ya pande mbili: jinsi ya kuijua vitiligo yako na kazi ya kinga ya mwili ndani yake

Kaskazi iliyopita mama mmoja wa Bombolulu aliniletea mwanawe kibandani kwangu Kongowea, Mombasa, ninakonyolea watu. Mtoto ana miaka minane. "Ami," akaniambia, "hebu mtazame huyu. Kinyozi aliyemnyoa kabla yako kamwambukiza kwa mashine."

Nikamkalisha, nikamgeuza uso kuelekea mlangoni penye mwanga. Upande wa kushoto, kuanzia chini ya sikio mpaka kidevuni, palikuwa na baka jeupe kama chokaa. Lilipofika katikati ya kidevu lilikoma kama lililopigiwa rula. Nikatenganisha nywele za juu ya sikio kwa ncha ya kitana, nikaona kishungi cha nywele kumi na tano hivi, nyeupe tangu shinani. Upande wa kulia hakuna kitu.

Nikamwekea mama mikono yangu mbele ya macho. "Mamangu, mimi ninao ugonjwa huu mwaka wa kumi na moja sasa, na kila siku mikono hii hunyoa watu. Hajaupata hata mmoja wao. Hauambukizi kwa mashine, wala kwa taulo, wala kwa kushikana mikono." Akashusha pumzi. Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitarajia: mbona ya mtoto iko upande mmoja na yako iko pande zote?

Swali hilo ndilo lililonifanya niandike mwongozo huu. Yangu ilianza kwenye ncha za vidole vya mikono yote miwili, ikaja kwenye pembe za mdomo, kisha kwenye kope, kulia na kushoto, kama mtu na kivuli chake kwenye kioo. Jina ni moja, vitiligo, lakini namna kinga ya mwili inavyofanya kazi haiko sawa kwangu na kwa mtoto yule, na asiyeijua aina yake hupoteza muda ambao hauregeshwi. Mimi nilipoteza karibu miaka miwili.

Hakikisha kwanza kuwa ni vitiligo

Hapa pwani jina la mbalanga limebebeshwa magonjwa mengi ya ngozi, na wazee wengine husema barasi wakikusudia ukoma. Kwa hivyo anza kwa kugusa. Sokota pamba iwe na ncha, mwambie mtu afumbe macho, umpitishie juu ya baka na juu ya ngozi nzima iliyo jirani. Mwenye vitiligo atahisi sawasawa pote. Asipohisi kitu juu ya baka, mpeleke hospitali akachunguzwe ukoma, ambao siku hizi unapona na dawa zake hutolewa bure.

Kisha kwaruza taratibu kwa ukucha. Mba hutoa unga wa magamba, hupenda kifua, mgongo na shingo, na ngozi yake hufifia tu bila kuwa nyeupe pepepe. Baka la vitiligo ni laini kama ngozi nyingine, halina magamba, na mpaka wake unaonekana wazi. Daktari wa ngozi huzima taa za chumba akakumulika kwa taa ya Wood: baka la vitiligo hung'aa weupe wenye ubuluu, na hata yale ambayo macho hayajayaona hujitokeza. Mimi nilipewa dawa ya mba kwa miezi minane kwenye zahanati moja ya mtaani, na muda wote huo hakuna aliyenikwaruza kwa ukucha wala kunizimia taa.

Piga picha siku hiyo hiyo. Weka sarafu ya shilingi ishirini kando ya baka, picha ichukuliwe kwenye kivuli chenye mwanga wa kutosha, na uirudie kila mwezi kwa sarafu ile ile. Picha hizo zitakufaa kwa daktari kuliko maelezo yoyote.

Kinachoendelea chini ya ngozi

Rangi yetu hutengenezwa na seli ziitwazo melanosaiti, zilizokaa chini kabisa ya ngozi ya juu. Kila moja huwagawia majirani zake melanini, ile rangi yenyewe. Kwenye baka la vitiligo seli hizo hazipo tena. Zimeuawa, na aliyeziua ni kinga ya mwili wako mwenyewe.

Ukidondosha tone la halua mezani, sisimizi wa kwanza hulifikia kwa kubahatisha. Baada ya dakika chache utaona msafara, kwa sababu yule wa kwanza ameacha harufu ya kuwaongoza wenzake. Ndivyo inavyokwenda ngozini. Seli ya rangi ina kazi nzito, na kutengeneza melanini kwenyewe huzalisha taka zenye sumu ndani yake. Ikilemewa, kwa kuungua na jua, kwa jeraha au kwa kemikali, hutoa ishara za dhiki. Kwa mtu aliyerithi jeni za namna fulani, ishara hizo huwaita walinzi wasiotakiwa: seli T za aina ya CD8, ambazo kazi yake halali ni kuua seli zilizoingiliwa na virusi. Seli T zinaitambua melanosaiti kama adui, zinaiua, na papo hapo zinamwaga kemikali iitwayo intaferoni gama. Seli za kawaida za ngozi zilizo jirani zikiipokea, nazo hutoa kemikali nyingine mbili, CXCL9 na CXCL10. Hizo ndizo harufu ya msafara. Seli T zaidi zinafuata, na baka linapanuka.

Shika jambo moja hapa kwa ajili ya mbele: ujumbe wa intaferoni gama hupita ndani ya seli kwa msaada wa vimeng'enya viitwavyo JAK.

Sasa futa meza. Msafara umekwisha, lakini sisimizi wachache wamebaki kwenye ufa wa mbao. Kwenye ngozi wanaobaki ni seli T za kumbukumbu. Hujichimbia ndani ya baka kwa miaka, na rangi ikijaribu kurudi huwaita wenzao. Ndiyo maana vitiligo iliyopona hupenda kurudi mahali pale pale ilipokuwa.

Jeni peke yake hazitoshi. Kwa pacha wa kufanana, mmoja akiwa na vitiligo, mwenziwe huipata mara 23 hivi katika 100, ilhali jeni zao ni zile zile. Kwa hivyo usimtazame mkeo wala mama mkwe kwa jicho la lawama.

Na hili nalisema kwa mkazo kwa sababu naulizwa kila wiki: vitiligo haina maana kwamba kinga yako iko chini. Haihusiani na Ukimwi. Kinga hapa ina nguvu zake zote, ila imekosea shabaha. Wagonjwa wa saratani ya ngozi iitwayo melanoma wakipewa dawa za kuifungulia kinga breki, baadhi yao hutokwa na mabaka meupe, na madaktari huyahesabu kama dalili kwamba dawa inafanya kazi. Basi anayekuuzia chupa ya "kuongeza kinga" ili mabaka yaondoke, mwache na chupa yake.

Sasa tazama upande

Simama mbele ya kioo kikubwa, chumba kiwe na mwanga, na mtu wa karibu akutazame mgongo. Mabaka yako pande zote mbili, mkono na mkono, goti na goti, jicho na jicho? Hiyo ni ya pande mbili, ndiyo ya watu wengi, ndiyo yangu. Wataalamu wa nchi mbalimbali walichapisha makubaliano mwaka 2012 kwamba neno vitiligo likitajwa bila nyongeza limaanishe aina hii, na ile ya upande mmoja itajwe kivyake. Hapa kinga imeamka mwili mzima. Inaweza kulala miaka mitatu halafu ikaamka baada ya jeraha, ujauzito au msiba mzito. Na kwa kuwa imeshakosea shabaha mara moja, hukosea na penginepo: tezi ya thiroidi shingoni, seli za kongosho kwenye kisukari aina ya kwanza, mizizi ya nywele zikanyonyoka kwa viduara, au tumbo likashindwa kunyonya vitamini B12. Mwenye aina hii aombe kipimo cha damu cha thiroidi, kiitwacho TSH, hata kama hajisikii vibaya. Dada yangu wa tumbo moja hana baka hata moja, lakini tezi yake imelegea na humeza kidonge kila asubuhi. Nilipomweleza daktari habari za dada, ndipo alipoacha kunitazama vidole tu.

Ya mtoto wa Bombolulu ni ya upande mmoja. Hii huanza utotoni au ujanani, hukimbia kwa kasi kwa miezi sita mpaka ishirini na minne hivi, halafu mara nyingi husimama. Huzipausha nywele mapema. Magonjwa ya thiroidi na mengineyo huandamana nayo kwa nadra zaidi. Zamani ilidhaniwa ni kazi ya neva peke yake, kwa vile inavyoshika kipande kimoja. Maelezo yanayopewa uzito leo ni mengine: mtoto akiwa bado tumboni, seli moja ya rangi ilipata badiliko dogo la jeni, ikazaa kizazi chake kikatandaa kwenye ukanda mmoja wa ngozi. Miaka baadaye kinga inakiona kizazi hicho kama kigeni, inakiua, na kikiisha inatulia, maana wengine haina ugomvi nao. Vipande vya ngozi vilivyochukuliwa mapema kutoka kwa wagonjwa wa aina hii vimeonyesha seli T zile zile za CD8 pembeni mwa baka.

Wachache huanza na ya upande mmoja, kisha ya pande mbili ikafuata. Ukiona mtoto wa namna hii ameota duara jeupe kuzunguka kidoa cheusi cha kuzaliwa, mwambie daktari, kwa sababu hiyo ni ishara kwamba kinga imeanza kutafuta mbali zaidi.

Kanta, krimu na ndara

Mteja wangu mmoja, fundi wa majahazi, alikuwa akipaka kanta ndevuni kila Alhamisi jioni. Kanta nyeusi, na ile piko ya haraka wanayopakwa maharusi, huwa na kemikali iitwayo PPD. Kwa watu wengine huiua seli ya rangi moja kwa moja. Ndevu zake zilibaki nyeusi ti, na ngozi chini yake ikatoka vidoa vyeupe kama unga ulionyunyizwa. Mwishoni mwa miaka ya 1930 huko Marekani wafanyakazi wa kiwanda cha kutengeneza ngozi walipoteza rangi mikononi, na chanzo kikaonekana ni kemikali iliyotiwa kwenye glavu zao za mpira. Japani, mwaka 2013, krimu za kung'arisha uso zenye rododendroli ziliondolewa madukani baada ya maelfu ya wanawake kutokwa na mabaka. Ndara za mpira na gundi ya viatu navyo vimewahi kutajwa.

Jambo la kutisha ni hili: seli zikifa kwa kemikali, kinga huja kutazama, na kwa aliyezaliwa na jeni zile hujifunza kuwinda. Mabaka hutokea hata pale kemikali haikugusa. Kwa hivyo hatua ya kwanza ni kuiacha hiyo kanta au krimu leo, wala usingoje miadi ya hospitali. Fundi yule aliacha, na nusu ya vidoa vikarudi rangi bila dawa.

Je, inatembea?

Daktari atataka kujua kama kinga iko vitani sasa hivi. Tazama ukingo wa baka. Ukiwa mkali na umebaki hivyo kwenye picha tatu za miezi mitatu, imetulia. Ukiona vidoa vidogo vidogo kama chumvi iliyomwagika pembeni, au rangi ya tatu katikati ya nyeupe na ya kwako, inatembea. Dalili nyingine ni baka kuota penye mchubuko. Mimi kifundo cha mkono wa kushoto kilitoka mkanda mweupe wenye umbo kamili la mkanda wa saa, mpaka tundu la kifungio likaonekana. Saa nikaivua siku hiyo na sijaivaa tena. Ikiwa inatembea, na hasa ikiwa ni ya upande mmoja kwa mtoto, usisubiri mwezi upite.

Dawa zinafanya nini

Krimu za steroidi huituliza kinga mahali ulipopaka. Zinasaidia, lakini zina mpaka: duka moja liliniuzia krimu kali isiyo na lebo, nikaipaka kwenye kope miezi mitano, ngozi ikawa nyembamba mishipa ikaonekana. Steroidi ipakwe kwa muda daktari alioutaja, na usoni kwa tahadhari kubwa. Kwa uso, kope na watoto, wengi hupewa takrolimusi, ambayo huzituliza seli T bila kuikonda ngozi.

Mwanga wa UVB wa nanomita 311, ule wa taa maalumu za hospitali, hufanya mawili: huzipunguza makali seli T, na huziamsha seli za rangi zilizojificha kwenye mizizi ya nywele zitambae kutoka nje. Huwa mara mbili au tatu kwa wiki, na usiuhukumu kabla ya miezi sita. Jua letu la saa saba mchana halichukui nafasi yake, kwa sababu jua halina kipimo na kuungua ni jeraha, na jeraha huita msafara. Ndimu na jua ndiyo mbaya kabisa, inababua.

Sasa kile kimeng'enya JAK. Mwezi wa Julai 2022 Marekani iliidhinisha krimu ya ruksolitinibu, yenye nguvu ya 1.5%, kwa vitiligo ya pande mbili kuanzia umri wa miaka 12. Inaziba njia ya ujumbe wa intaferoni gama, kwa hivyo seli za ngozi haziitoi ile harufu. Ni krimu ghali. Muulize daktari, lakini usiuze kiwanja kwa ajili yake wakati hujajaribu mwanga.

Rangi ikirudi, kumbuka waliobaki kwenye ufa. Takriban watu 40 katika 100 hurudiwa ndani ya mwaka wa kwanza baada ya kuacha dawa. Kupaka takrolimusi mara mbili kwa wiki juu ya ngozi iliyopona kumeonyeshwa kupunguza hilo sana, mpaka kama 10. Nimewaona wengi wakisherehekea na kutupa tyubu.

Baka la upande mmoja lililotulia mwaka mzima na lenye nywele nyeupe kwa kawaida halisikii krimu, kwa kuwa ghala la seli kwenye mizizi limeisha. Hapo upasuaji wa kupandikiza seli kutoka ngozi nzima hufanya vizuri, kwa sababu kinga haina tena vita mahali pale. Kwa aina yangu upandikizaji huo ni wa kubahatisha. Vidole vyangu havikurudi, na sidhani vitarudi, maana ncha za vidole hazina vinyweleo. Kope zangu zilirudi zote mbili.

Kwenye kiti cha kinyozi

Mwambie kinyozi wako mapema. Asipige namba sifuri juu ya baka wala pembeni mwake. Namba moja inatosha. Wembe uwe mpya na wako, na kama baka linatembea, wembe usiguse kabisa. Spirit kali baada ya kunyoa usikubali, maji na mafuta mepesi yanatosha. Kofia pana, na krimu ya kukinga jua ya SPF 30 au zaidi kwenye sehemu nyeupe. Mafuta ya habbat soda sina ugomvi nayo, ila yasishike nafasi ya dawa. Samaki na maziwa kula upendavyo. Mamangu alinikataza miaka, na mabaka yakaja vile vile.

Ukienda hospitali kuu ya Makadara au kwa daktari wa ngozi popote, beba picha zako, tarehe baka la kwanza lilipoonekana, orodha ya kila ulichopaka, na majina ya magonjwa ya thiroidi na kisukari katika ukoo. Mwambie wazi: ni ya upande mmoja au pande mbili, inatembea au imetulia, nywele ndani yake ni nyeusi au nyeupe. Ukishayasema hayo matatu, mazungumzo yataanzia mbali.

Mtoto wa Bombolulu alipelekwa wiki ile ile. Akaanzishiwa takrolimusi ya nguvu ndogo na mwanga. Mwezi wa tano mamake alimleta kabla ya Idi ya Mfunguo Tatu. Nikamgeuza tena kuelekea mlangoni. Chini ya taya, ndani ya weupe, palikuwa na vidoa vya kahawia kama punje za ufuta, kila kimoja kimeuzunguka unyweleo mweusi. Nilivihesabu kwa ncha ya kitana, mamake akitazama: saba. Baka halikuwa limepanuka hata upana wa ukucha kwenye picha zote tano.

Kishungi cha juu ya sikio kilikuwa kingali cheupe. "Ami, tukipake kanta kidogo tu, ni sikukuu," mama akasema. Nikakataa, nikamweleza habari za fundi wa majahazi. Mtoto akanitazama kwenye kioo akasema, "Kiache, ami, nakipenda." Nikamkata namba mbili kichwa kizima, kishungi nikakiacha kirefu kidogo kama alivyotaka.